Saa Iliyovuka Daraja Kila Asubuhi

Ninyi mnaonisimamisha Jumapili kwenye siporo rusange, yale mazoezi ya pamoja ya mji mzima hapa Kamembe, mmoja ananinyooshea mkono wenye saa, mwingine simu, mnaniuliza, "Maman Kine, hii iko nzuri ao hapana?" nimechoka kuwajibu mmoja mmoja huku spika inanipigia kelele sikioni. Nitawajibu wote hapa, kwa maandishi, nikiwa nimekaa. Nimestaafu, nina haki ya kukaa.

Kwanza mjue jina hilo limetoka wapi. Kazi yangu ilikuwa kinezi, yaani kuwafundisha watu upya kutembea, kuinama na kuinua mkono baada ya ajali au ugonjwa kuwanyang'anya mambo hayo. Niliianza Bukavu, ng'ambo ya daraja huko Kongo, nilikozaliwa na kukulia, nikaiendeleza upande huu wa Rusizi familia yetu iliporudi Rwanda. Watu wengi walidhani kazi yetu ni kukanda tu. Mtu anakuja na kichupa chake cha mafuta, analala chali, anafumba macho, anasubiri. Ukimwambia, "Haya, simama sasa," anakutazama kama umemwibia. Miaka yote ile sikupata maneno ya kumridhisha mgonjwa wa namna hiyo, na ninyi mtakaosomea kazi hii msitegemee kuyapata.

Aliyenifundisha ni Mzee Gratien, mtu mfupi, mkali, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Yeye hakuanza kwa kumtazama mgonjwa usoni. Alianza na viatu.

"Vua, nipe," anasema, na mgonjwa anadhani anafukuzwa.

Anakigeuza kiatu, anaisoma soli. Ncha ikiwa imechubuka, mguu unaburuta. Upande wa nje ukiwa umelika, mtu anaegemea huko kwa sababu anakwepa maumivu ya upande mwingine. Kisigino kikiwa kizima kabisa, basi mtu huyu anatua kwa vidole, au hatembei hata kidogo. "Kisigino njo kitangulie," alikuwa akituambia sisi wanafunzi wake, kwa Kiswahili cha Bukavu ambacho "ndicho" na "ndio" zote ni "njo". "Mguu wenye kutua na vidole, ule mguu iko naogopa." Nilipokuwa kijana niliona ni vituko vya mzee. Baadaye nikajikuta hata kanisani natazama soli za waliopiga magoti mbele yangu, na sala zinanipita.

Vyombo vyetu siku hizo vilikuwa gurudumu la baiskeli lililotundikwa kwenye boriti na kupitishwa kamba, na vifuko vya mchanga vilivyoshonwa kwa magunia ya unga. Halafu zikaja kaseti za video. Sista mmoja alileta ya mazoezi ya tumbo, tukawakusanya maman wa parokia ukumbini, kitenge kiunoni, televisheni mbele. Yule mwanamke wa kwenye kaseti akilala, na wao wanalala. Akinyanyua mguu, wananyanyua. Umeme ukakatika miguu ikiwa juu. Hakuna aliyeshusha. Walibaki vile vile gizani, wakingoja umeme urudi uwaambie.

Mzee Gratien, aliyekuwa ameegemea mlango, akauliza, "Sasa nani anabafundisha, muntu ao prizi ya umeme?"

Walicheka mpaka miguu ikashuka yenyewe. Lakini swali lile sikulisahau, na mnapoleta saa zenu Jumapili huwa linanirudia.

Msidhani nazichukia hizo simu. Kulikuwa na dada mmoja wa Nyakabuye aliyevunjika bega. Kufika kwangu ilikuwa siku nzima ya kungoja gari na kurudi kufunga mifugo giza likiwa limeingia, kwa hiyo akawa anaruka miadi. Nikachukua simu yake, nikamrekodi mwenyewe akifanya zoezi, mimi nikiongea nyuma ya kamera: polepole, usipandishe bega, pumua. Akaenda nalo nyumbani. Mkono ulipona vizuri kuliko wa wengi waliokuwa wakaazi wa hapa mjini na kuja kila wiki kupiga soga. Baada ya hapo nikawa narekodi kila aliyekaa mbali.

Upande mwingine kuna Emmanuel, mkulima wa Nzahaha, aliyeniletea mgongo uliokakamaa kama ubao. Kaka yake wa Kigali alikuwa amemwekea kwenye simu programu ya mazoezi. Programu ilianza kwa kumwuliza kama huwa anafanya mazoezi.

"Ulijibu nini?" nikamwuliza.

"Nilisema hapana."

"Emmanuel, wewe unashika jembe kutoka asubuhi."

"Ile ni kulima, Maman. Haiko siporo."

Basi simu ikamchukua kama karani anayekaa kitini kutwa nzima. Analima mpaka jua la utosini, anarudi, anavua gamboti, halafu simu inamwamuru achuchumae na kuruka. Nikamwuliza kwa nini hakuacha mgongo ulipoanza kuuma. Akatazama chini, akaona haya kidogo.

"Ilikuwa inanipongeza. Kila nikimaliza, inaniambia bravo. Kwa shamba hakuna mwenye ananipongezaka."

Nilimpa mazoezi ya kunyoosha mgongo, nikamwambia asimame kila anapofika mwisho wa tuta, na alipokuja tena nikamwambia bravo mimi mwenyewe, kwa sauti. Alifurahi kuliko nilivyotazamia.

Sasa niwaeleze habari ya Papa Anselme, kwa sababu ndiyo jibu langu hasa.

Papa Anselme alikuwa mwalimu, amestaafu, nyumba yake iko kwenye mteremko unaotoka Kamembe kushuka darajani. Alijulikana kwa mwendo. Wanafunzi wake wa zamani wanasema walimsalimia mgongo tu, maana uso ulikuwa umeshapita. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Nilianza naye kitandani, tukafika kwenye kiti, tukafika mlangoni, akaanza kutoka barabarani na fimbo yake. Binti yake Clarisse, anayefanya kazi Ubelgiji, alikuwa amepanga kuja kuolewa hapa Kamembe wakati wa kiangazi. Papa Anselme alitaka kitu kimoja tu duniani: kumshika binti yake mkono, watoke mlango wa kanisa mpaka altareni, kwa miguu yake miwili. Alikuwa amekataa kabisa habari ya kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. "Afazali nibakie nyumbani," aliniambia.

Clarisse akamtumia viatu vipya, vyepesi, soli nyeupe, pamoja na saa ya mkononi inayohesabu hatua. Jioni saa inapeleka habari zake kwenye simu ya baba, na simu inazifikisha mpaka Ubelgiji. Siku za kwanza hesabu zilikuwa za mgonjwa. Halafu ghafla zikapanda. Duara la saa likawa linajaa rangi ya kijani kila siku. Kwenye kundi la familia la WhatsApp, Clarisse anaandika "Bravo Papa!" na kupanga vipicha vya mikono yenye misuli, shangazi zake wanajibu kwa haleluya. Clarisse akaniandikia na mimi, kwa adabu sana, kwamba kwa kuwa Papa sasa anatembea vile, labda nisijisumbue tena kila wiki.

Nilikwenda hata hivyo. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta vile vile, na kifundo kimeanza kukaza. Nikamwomba kiatu, nikakigeuza. Soli ilikuwa nyeupe kama siku ilipotoka kwenye boksi.

"Papa, unatembelea wapi?"

"Ndani ya nyumba, Maman Kine. Simenti haichafuaki."

Nikamwambia mguu huu hautembei. Akaniwashia simu, akanionyesha duara la kijani. Ukoo mzima ulikuwa unaamini lile duara, na mimi nilikuwa na kiatu tu mkononi.

Wiki iliyofuata Clarisse akanipigia, sauti ya chini.

"Maman Kine, naomba uniambie ukweli. Papa iko naenda kufanya nini Bukavu?"

Alikuwa amegundua kwamba ile saa, mbali na kuhesabu, inachora pia njia. Mstari ulitoka nyumbani kila asubuhi, ukashuka mteremko, ukavuka daraja, ukaingia Bukavu na kuganda mahali pamoja mpaka alasiri. Kisha ukarudi. Kila siku, isipokuwa Jumapili.

"Eti Papa ameweka bureau ya pili?" akauliza. Mnajua wenyewe huku kwetu bureau ya pili ni mwanamke wa pembeni.

Nikamwuliza kama amemwambia mama yake. Alikuwa ameshamtumia picha ya ramani.

Nilitoka nyumbani na kandambili. Maman Clarisse ni mwalimu wa watoto wadogo huko Nkanka, huondoka alfajiri na kurudi alasiri, kwa hiyo saa za mchana za mumewe hakuwa anazijua. Nilimkuta amesimama uani, mkoba wa shule bado begani, simu ameielekeza usoni pa Papa Anselme kama polisi.

"Kutoka kwa kitanda kufika ku meza ya kula, mpaka nikushikilie!" anasema. "Kumbe ule mguu, Bukavu unafika?"

Papa Anselme alikuwa ameishika fimbo kwa mkono mzima. Na hapo geti likafunguliwa. Akaingia jirani yao, Maman Bahati, ambaye kila siku huvusha nyanya na kabichi kwenda kuuza Bukavu. Besani tupu kichwani, jasho shingoni. Akavua saa mkononi mwake, akamnyooshea mzee.

"Papa, saa yako hii. Leo imelia mara mingi, iko na furaha."

Sote tukamtazama. Akatutazama.

"Nini? Aliniambia ile saa inapenda kutembea, na yeye hawezi. Basi miye naitembezaka. Iko na ubaya gani?"

Maman Clarisse alicheka mpaka akaketi chini kwenye ngazi. Mimi nilicheka pia, sitawaficha. Kisha tukaona Papa Anselme hacheki, na Maman Clarisse akaanza kulia, maana harusi ilikuwa imebakiza wiki chache na mguu ulikuwa umepoteza muda wote ule.

"Juu ya nini, Papa?" nikamwuliza.

"Muliona ile video?" akauliza.

Tulikuwa tumeiona. Mnaijua na ninyi. Mzee anashuka mbele ya geti la soko, mguu unakwama, fimbo inamponyoka, anatupa mkono hewani kutafuta pa kushika kabla ya kuanguka. Mtu aliyekuwa na simu tayari alipiga picha badala ya kumshika. Halafu akaongezea muziki wa rumba, ili ule mkono unaotafuta pa kushika uonekane unacheza. Ilizunguka status za mji mzima. Mimi nililetewa hata na watu wa kwaya.

"Nilifundisha batoto ba hapa," akasema Papa Anselme. "Bale banacheka, nilibafundisha kusoma. Barabarani sirudi."

Aliyeipiga ile video ni mmoja wenu. Simjui na simtafuti. Nilikasirika siku ile, na ninapoandika hivi hasira haijaisha.

Lakini kazi ni kazi. Nikamweleza kwamba sebuleni hatapona kwa wakati. Mguu ule ulihitaji mteremko, kokoto, watu wa kuwapisha. Akatikisa kichwa, hapana. Nikamwambia twende alfajiri mapema, akasema hata alfajiri barabara ile ina watu. Na kweli ina watu, ndiyo saa ya wafanyabiashara kuteremka darajani.

"Siye njo bale bantu," akasema Maman Bahati. Alikuwa bado amesimama, besani sasa kiunoni. "Kuja na siye, Papa. Kule hakuna mwenye kukuangalia. Siye bote tunatembea bibaya."

Na ni kweli wanatembea vibaya. Mimi niliyesoma miendo ya watu kwa miaka yote ile, sikuwahi kukaa nikaitazama barabara ile asubuhi. Kuna anayechechemea kwa goti, kuna aliyepinda shingo kwa mizigo, kuna mjamzito anayetembea ameegemea nyuma. Simu zao wamezifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuzisokomeza kifuani zisilowe. Wana haraka ya kufika sokoni kabla ya wengine, macho yako barabarani na kwenye mzigo wa aliye mbele. Papa Anselme aliingia katikati yao siku ya kwanza na kofia imeshuka mpaka nyusi. Alipofika kwenye kona ya kwanza hakuna aliyekuwa amemtazama, ila maman mmoja aliyemwambia, "Papa, sogea, nyanya inapita."

Mshike hili, ninyi mtakaofanya kazi hii. Fimbo inashikwa upande mzima, si upande mgonjwa, hata kama mgonjwa atabisha. Kwenye kushuka, mguu mgonjwa unatangulia. Kwenye kupanda, mguu mzima ndio unatangulia na kumvuta mwenzake. Maman Bahati alimshusha, mimi, au mkewe siku asizofundisha, tukamngoja kwenye kona na kumpandisha. Kona ya kwanza, halafu ya pili. Aliwahi kunitukana kwa Kifaransa cha shule, chenye sarufi safi kabisa. Siku moja alikaa chini kwenye ukingo wa barabara na kusema haendelei, na Maman Bahati akamwachia kabichi aichunge mpaka akubali kuinuka. Aliinuka, kwa sababu kabichi ilikuwa ya kwenda Bukavu na yeye alikuwa ndiye anayeichelewesha.

Saa hakuivaa tena. Aliiacha kwa Maman Bahati moja kwa moja, na Clarisse akakubali, ingawa kwa siku kadhaa alinipigia akiuliza hesabu. Nikamwambia aniulize habari za soli. Maman Bahati anaitumia kujua wakati. Siku moja, ameketi sokoni na miguu inamwaka moto, ile saa ikalia kumwambia kwamba amekaa sana, ainuke atembee kidogo. Aliigeuza uso uangalie chini.

Siku ya harusi kanisa lilijaa. Nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, karibu na njia ya katikati, kwa sababu zangu. Mlango ukafunguliwa, Clarisse katika gauni, mkono wake umepita kwenye mkono mgonjwa wa baba yake, na mkono mzima una fimbo. Kwaya ikaanza. Na simu zikainuka, safu kwa safu, pande zote mbili.

Papa Anselme aliziona. Alisimama kabisa katikati ya njia. Nilimwona akipitisha macho kwenye zile simu moja baada ya nyingine, na niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopea mgonjwa yeyote. Kwaya ilimaliza wimbo, ikakosa la kufanya, ikauanza tena.

"Papa, tukae?" Clarisse akamnong'oneza.

Aliinamisha macho kwenye kiatu chake cha kushoto, akakaa anakitazama. Kisha akatembea. Walichukua muda mrefu sana kufika. Kwaya iliurudia wimbo mpaka mpiga kinanda akawa anacheka, na mtoto mchanga fulani akalala. Walifika.

Siku chache baadaye nilisikia fimbo getini kwangu. Alikuwa amekuja peke yake, kwa miguu. Video ya kanisani ilikuwa imeshazunguka mji, na kuna aliyeiongezea muziki, maana hamkosi wa kufanya hivyo. Niliutegea sikio muziki ule iwapo unamcheka au haumcheki, sikuweza kuamua. Sikupenda aione.

"Maman Kine, ile video uko nayo?"

"Ninayo, Papa."

"Nionyeshe. Simu yangu inaipitisha mbio."

Tukaketi barazani. Nikazima sauti, nikaipunguza mwendo. Hakumtazama Clarisse wala gauni lake, wala uso wake mwenyewe, wala watu walioinua simu.

"Kuza pale chini," akasema. "Pa mguu."

Nikakuza. Kiatu cha kushoto kikapanda, kikaja mbele, kikatua.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasogeza uso mpaka ukakaribia kugusa kioo.

"Umeona? Kisigino njo kimetangulia."

"Nimeona, Papa."

Akaegemea ukuta, akavuta pumzi, akaiweka fimbo magotini.

"Hii sasa," akasema, "batumiane bote."